Tiketi Nne za Kwenda Cádiz

Jumapili hiyo, baada ya misa na chakula, Numbi aliwakalisha wadogo zake wawili kwenye kochi la sebuleni, akaanza kuwaeleza habari za mji wa Cádiz, Hispania, utadhani alizaliwa huko.

"Bahari iko huku, na huku, na huku tena," alisema, akizungusha kidole kwenye kioo cha tableti. "Ni mji ya zamani sana. Matajiri balijenga minara juu ya nyumba zao, bapande kuangalia kama meli zao zinarudi."

"Na sisi tutapanda?" Dady aliuliza. Alikuwa na miaka sita na kila kitu kirefu alitaka kukipanda.

"Tutapanda. Kuko munara moja banaacha bantu baingie."

Mujinga alikuwa mlangoni mwa jikoni akifuta sufuria ambayo ilishakauka. Kila "tutapanda" ya Numbi ilimchoma. Katika nyumba ile ya Schaerbeek, mjini Brussels, watu wawili tu walijua kwamba Numbi hakuwa na safari yoyote: yeye Mujinga na mumewe Donatien.

Numbi alikuwa binti wa Donatien, aliyezaliwa Likasi, Kongo, kabla baba yake hajaja Ubelgiji. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na bibi. Bibi naye alipofariki, Donatien alihangaikia makaratasi mpaka mtoto akafika Brussels mwezi wa pili, baridi ikiwa kali, amevaa koti la kuazima. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mujinga hakulazimishwa na mtu kumpokea. Alinunua kitanda mwenyewe, akakiweka chumbani mwa binti yake Anaïs. Alimwandikisha shule, akampeleka kwa daktari wa meno, akamfundisha kupanda tramu. Yote ambayo mama angefanya aliyafanya, na hakuna aliyejua kwamba aliyafanya kama mtu anayetimiza zamu ya kazi.

Jambo lenyewe lilitokea mwezi wa tatu. Miaka yote, likizo ya kiangazi iliwakuta palepale Schaerbeek, na shule zikifunguliwa watoto walirudi nyumbani na maswali kuhusu bahari za wenzao. Kwenye nyumba ya wazee ya Auderghem alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee, mwenzake mmoja alimwonyesha picha za Cádiz: kuba la kanisa kuu likimeta kwa manjano juu ya bahari, vichochoro vya kivuli, ufuo mdogo katikati ya ngome mbili za zamani. Mujinga akasema moyoni, mwaka huu batoto bangu bataona hii. Akatafuta ndege ya kwenda Sevilla, na treni ya kutoka Sevilla mpaka baharini, na nyumba ya kupanga.

Ukurasa ulipomuuliza wasafiri ni wangapi, alisita. Aliiona ile wiki. Aliona meza yenye watu wanne, kama zamani, bila yule msichana mkimya aliyeinuka kuosha sahani yake kabla wengine hawajamaliza kula. Bila Donatien kucheka peke yake na mtoto kwa habari za mitaa ya Likasi, mitaa ambayo Mujinga, aliyekuja Ubelgiji angali mchanga, hakuijua. Wiki moja tu, alijiambia. Akaandika wanne, akalipa.

Donatien aliuliza siku ileile. "Na Numbi?"

"Nilipita ku commune," Mujinga akajibu. "Banasema hawezi kutoka Belgique mbele carte yake haijatoka."

Hakuwa amepita komini, ofisi ya mtaa inayotoa kadi za ukaazi. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Maneno yalitoka tu, laini, na Donatien, dereva wa basi aliyetoka zamu amechoka, aliyaamini.

"Alors, atabaki kwa Alphonsine," alisema. Alphonsine alikuwa dada yake mkubwa, mshonaji, anakaa Koekelberg. "Lakini utamuambia weye. Mi sitaweza."

Mujinga naye hakuweza. Pasaka ikapita. Numbi akajifunza maneno ya Kihispania na kuwafundisha wadogo zake mezani. Alphonsine alipiga simu kuuliza mtoto anapenda kula nini, Mujinga akanong'ona kwamba bado hajamwambia.

"Utamuambia lini?" Alphonsine akauliza. "Ku aéroport?"

Siku moja aliwapeleka watoto wote kununua nguo za kuogelea. Alikusudia kwenda na wawili, lakini Numbi alikuwa ameshavaa viatu, amesimama mlangoni, na Mujinga hakupata neno la kumzuia. Dukani ilibidi anunue tatu. Numbi alichagua ya buluu isiyo na maua. Nyumbani aliijaribu, akasimama mbele ya kioo muda mrefu.

"Inakutosha?" Mujinga aliuliza.

"Inatosha, maman Anaïs. Asante." Hakuwahi kumwita maman tupu, ilikuwa maman Anaïs siku zote. "Mi sijaingia bahari hata siku moja."

Mujinga alikwenda bafuni akafungua maji, akaketi kwenye ukingo wa beseni. Alichokiona ni ile nguo ya buluu ndani ya kabati huko Koekelberg, wenzake wakiwa baharini.

Na sasa, Jumapili hii, Anaïs aliinua kichwa kutoka kwenye tableti, akamgeukia dada yake mkubwa. "Yaya Numbi, weye na mi tutalala chumba cha dirisha?"

Numbi akageuka kuelekea jikoni. "Maman Anaïs, nyumba ile iko na vitanda ngapi?"

"Tutaangalia," Mujinga alisema, akarudi ndani kuosha tena sufuria.

Kadi ya Numbi ilitoka mwezi wa sita. Donatien alikuwa kazini, hivyo Mujinga ndiye aliyefuatana naye komini kuichukua. Mhudumu wa dirishani, mwanamke kijana mchangamfu, aliwapa kadi, akamwonyesha Numbi mahali pa kutia sahihi. Numbi aliigeuza kadi huku na huku. Kisha akauliza, kwa Kifaransa chake cha uangalifu, kama sasa anaruhusiwa kwenda Hispania na familia yake.

Mhudumu akacheka kwa upole. Bila shaka, alisema. Hata kabla ya leo angeweza kwenda, viza aliyokuja nayo ilikuwa inatosha. Wangeuliza tu, wangeambiwa. Akawatakia likizo njema, akaita namba iliyofuata.

Walitoka nje wakavuka uwanja, wakapita kituo cha tramu bila kusimama. Numbi alitembea amebana kadi kifuani.

"Tiketi ziko nne," Numbi alisema mwishoni.

Mujinga akasimama. "Nani amekuambia?"

"Anaïs alifungua message zako ku tableti, alitaka kuona picha ya ndege. Niliona majina. Yangu haikuwa."

"Lini?"

"Mbele Pâques haijafika."

"Na haukusema kitu? Kila siku unabaeleza batoto minara, unauliza vitanda…"

"Nilifikiri munangojea carte." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Nikasema, carte ikitoka, bataongeza jina yangu. Nikauliza vitanda juu nione kama munakumbuka." Akaitazama ile kadi. "Donc haikuwa carte."

"Numbi, nilikuwa nimechoka, kazi mingi, nilifikiri… Pardon, eh? Pardon."

Alilisema kama mtu aliyemkanyaga mwenzake ndani ya tramu, na yeye mwenyewe alilisikia hivyo. Numbi aliitikia kwa kichwa. Kisha akatangulia kwenda nyumbani.

Donatien aliporudi, Mujinga hakumwacha hata avue sare. Alimketisha jikoni, akafunga mlango, akamwambia yote: kwamba hakwenda komini, kwamba alidanganya, kwamba mtoto anajua. Donatien alimsikiliza akiangalia mikono yake.

"Nilimuacha Likasi akiwa hajajua kutembea," alisema. "Kila muaka nilisema nitamuleta. Sasa yuko mu nyumba yangu, na umenifanya nimuache mara ya pili. Na mi nilikubali. Sikuuliza hata swali moja, juu ilikuwa rahisi."

Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani kwa watoto, akakaa pembeni ya kitanda cha Numbi kwa muda. Mujinga aliwasikia wakiongea chini chini, hakusikia walichosema.

Siku iliyofuata waliipigia simu kampuni ya ndege. Ndege ilikuwa imejaa. Lakini jina lingeweza kubadilishwa, na Mujinga ndiye aliyesema kwanza: amwachie Numbi nafasi yake, yeye abaki. Alilisema haraka, karibu kwa furaha, maana aliona hapo mlango wa kutokea. Wakamwita Numbi.

"Hapana," Numbi alisema.

"Mutoto wangu, nafasi iko," Donatien akambembeleza.

"Ni ya maman Anaïs. Dady akianza kulia kule anamutaka mama yake, nitamuambia nini? Ataniangalia mi. Nitaenda kwa tantine Alphonsine. Atanifundisha cherehani."

Donatien alitaka kufuta safari nzima. Numbi alimkatalia hilo pia, kwa sababu Dady alikuwa ameshaiambia shule yote kuhusu mnara. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Donatien atawapeleka wadogo, kwani wao hawakuwa na kosa, na Mujinga akasema atabaki Brussels, nafasi yake ikaenda bure kwa kuwa Numbi aliikataa tena. Hakuna aliyemwomba abaki. Hakuna pia aliyemwambia aende.

Asubuhi ya safari Numbi alimfunga Dady kamba za viatu, akamkumbusha ashike mkono wa papa kwenye ngazi za mnara. Anaïs alilia, akiuliza kwa nini yaya Numbi na maman hawaji, na Donatien akamjibu kwamba watu wazima walikosea. Halafu teksi ikaondoka, Alphonsine akaja kumchukua Numbi, na Mujinga akabaki peke yake ndani ya nyumba yenye vitanda vilivyotandikwa.

Alidumu mpaka adhuhuri. Kisha akapanda tramu kwenda Koekelberg.

Numbi ndiye aliyemfungulia mlango. Alimkaribisha vizuri, akamletea kiti kizuri, akamletea glasi ya maji juu ya sahani ndogo kama anavyoletewa mgeni. Mujinga aliyanywa yote. Watoto walipopiga simu ya video wakiwa ufukoni, Numbi alicheka nao, akamwambia Dady asiingie mbali. Kisha akampa Mujinga simu, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya pili Mujinga alikuja tena, na ya tatu. Alphonsine hakumuuliza anatafuta nini. Alimpa mashati ya kuondoa vifungo, wakafanya kazi wote watatu, redio ikiongea.

Siku moja Alphonsine alitoka kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, wakabaki wawili. Numbi alikuwa akifumua mshono alioukosea. Mujinga aliweka mkasi chini.

"Sikuwa nimechoka," alisema. "Siku ile nilikuambia nilikuwa nimechoka, haikuwa kweli. Nilitaka tubaki bantu bane, kama zamani. Nilikuona kama muntu ameingia katikati yetu. Haukunifanyia mubaya hata moja, na nilikutoa. Halafu nikakununulia nguo ya bahari, nikijua. Ile njo inaniumiza kupita yote."

Numbi aliendelea kufumua. Uzi ulikuwa mwembamba na alikuwa akiuvuta polepole usikatike.

"Na mi pia," alisema, "kuko siku nilitamani tubaki na papa peke yetu. Uende mbali. Lakini sikufanya kitu."

"Haukufanya," Mujinga alikubali.

"Safari ingine, muniulize mi mwenyewe. Hata kama jibu ni hapana, muniambie mi."

"Tutakuuliza. Nitakuuliza mi."

Numbi akamsogezea upande wa pili wa kile kitambaa aushike, kwa sababu kilikuwa kikiteleza mezani. Mujinga akakishika. Walimaliza mshono ule, na Mujinga hakuthubutu kuona kwamba amesamehewa. Aliona tu kwamba amesikilizwa mpaka mwisho, na kwamba hakuwa na haki ya kudai zaidi.

Alipoaga, Numbi alivaa viatu akamsindikiza mpaka kituo cha tramu. Bibi yake wa Likasi alimlea hivyo, mgeni hatoki peke yake. Mujinga hakujua kama anasindikizwa kwa adabu au kwa kitu kingine, na hakuuliza. Walisimama bega kwa bega wakiangalia upande tramu inakotokea. Ilipofika, Numbi alimwambia afike salama, akangoja pale mpaka milango ikafungwa.