Kitambaa cha Kushika Uzi

Mjukuu wangu Awino, anayeniita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alikuwa katika bendi ya vijana wanne hapa Silver Spring, Marekani, waliopiga muziki wa Wagiriki wa kale, wa kabla hata Yesu hajazaliwa. Jumamosi moja walikuwa wapige katika ukumbi wa kanisa saa tisa. Saa sita Awino akaingia jikoni na kinubi chake, karibu kulia.

"Dani, nyuzi zinateleza. Ethan wa bendi yetu amesema zisiposhika, atapiga gita mahali pangu."

Nilifuta mikono nikakitazama. Kilikuwa na nyuzi saba, ngozi ya mbuzi, na kijiti cha juu kilichong'aa kama kiatu cha arusi. Ni nyatiti kabisa, kinubi chetu Wajaluo, ila nyembamba na pungufu ya uzi mmoja.

"Nani alipaka vanishi hapa?"

"Mimi. Nilitaka kipendeze."

"Kimependeza, lakini uzi utashika wapi?"

Baba yangu alikuwa mpigaji wa nyatiti. Kwetu mwanamke hakuigusa, na mimi sikuigusa, ila nilimtazama sana akifunga nyuzi zake kwa vipande vya kitambaa. Basi nikakwangua vanishi kwa kisu cha samaki, nikararua leso kuukuu vipande vyembamba, nikazungusha kila kipande kwenye kijiti pamoja na uzi wake.

"Baba yako angekuona angesema nini, Dani?"

"Angenifukuza. Shika hapa, usiachie."

Uzi wa saba akaufunga mwenyewe. Akaupiga, akangoja, akaupiga tena. Haukulegea. Akachukua simu.

"Ethan, hiyo gita iache kwa gari."