Chumba cha Mama Hakikutokea

Mama mkwe alivaa miwani, akaifuata ramani kwa kidole kuanzia barazani hadi stoo, kisha akavua miwani.

"Nyumba nzuri," alisema. "Choo cha wageni nimekiona. Chumba changu kiko wapi?"

Msanifu majengo, mke wa mwanawe, aliinama juu ya meza. Sebule ilikuwapo, jiko lilikuwapo. Kati ya jiko na bustani, palipopaswa kuwa na chumba, palikuwa peupe. Alikuwa amembembeleza mama huyu aje ofisini ajionee kwamba akihamia kwao hatakuwa mgeni. Mama alishakataa kuhama. Sasa alikuwa ameshika karatasi inayomuunga mkono.

"Kipo, mama. Ni hitilafu ya uchapaji."

"Mashine imechapa mpaka banda la kuku," mama mkwe alisema kwa upole. "Ilipofika kwangu ndipo ikachoka."

Mume wa msanifu, mpima ardhi mwenye meza ya pili humohumo ofisini, alikwisha kufungua mfuniko wa printa.

"Ni wino. Huu wino una mambo yake."

"Umejuaje?"

"Nahisi."

"Usihisi. Subiri."

Msanifu alifungua faili la PDF kwenye kompyuta. Kama chumba kilikuwa kamili humo, kosa lilikuwa la printa. Kama hakikuwa kamili, printa ilikuwa inasingiziwa. Alikuza picha mpaka ukuta wa jiko ukajaza kioo. Kando yake palikuwa na mistari ya njano, myembamba kama unywele, iliyofifia kwenye weupe.

"Printa haina kosa. Ifunge, ukanawe mikono."

Alirudi kwenye mchoro wenyewe, ndani ya programu ya kuchorea. Huko, juu ya kioo cheusi, chumba kiling'aa njano sawa na kuta nyingine zote, na ndiyo maana hakushtuka mapema. Katika ofisi ile rangi hazikuwa mapambo. Kila moja ilikuwa na namba yake, na wakati wa kutoa PDF programu ilisoma jedwali: njano hii ni ukuta, ichapwe nyeusi, nene; kijani hiki ni samani, kichapwe cheusi, chembamba. Alibofya ukuta wa sebule, namba ilikuwapo. Alibofya ukuta wa chumba cha mama; haukuwa na namba. Ilikuwa njano nyingine, imechanganywa kwa mkono. Jedwali halikuitambua, likaiacha ipite kama ilivyo, njano hafifu juu ya karatasi nyeupe.

"Nani kagusa chumba hiki?"

Mume alikuwa anajifuta mikono, na kazi hiyo ikamchukua muda mrefu isivyo kawaida.

"Nilikirembesha kidogo jana," alisema. "Mama anapenda njano. Na ile yako ni kali kama koti la mafundi wa barabara."

"Ile yangu haionekani kwenye karatasi, bwana. Inaiambia programu unene wa mstari, basi."

"Ningejuaje? Nilitaka kumfurahisha mama."

"Umenifurahisha mpaka ukanifuta," alisema mama mkwe.

Msanifu alizirudisha kuta zote kwenye njano yenye namba, akatoa PDF upya, akaikuza na kuikagua kona kwa kona. Baada ya hapo ndipo alipochapa, na karatasi akaipokea mwenyewe ikiwa bado ina joto.

Mama mkwe alivaa tena miwani. Chumba kilikuwapo, cheusi, kuta zake nene kama za sebule. Alikizungushia kidole polepole. Msanifu aliangalia kidole, si uso. Kidole kilisimama mlangoni.

"Huu mlango unafungukia jikoni."

"Ndiyo, mama. Nilidhani itakuwa rahisi kwako."

"Nikiamka, cha kwanza nikutane na masufuria yenu ya jana? Upeleke upande wa bustani. Na dirisha lipanuliwe, nataka kusoma bila taa."

Msanifu alikwisha kukaa kwenye kompyuta. Hakuuliza kama hayo yalikuwa makubaliano. Mama alikuwa anapanga asubuhi zake, na ushahidi huo ulitosha.

"Kabati tuliweke wapi, mama?"

"Hapa, lisizibe hewa."

Mume alinyoosha mkono kuelekea kipanya cha kompyuta ili asaidie. Mama mkwe aliupiga kofi dogo bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Wewe kapime ardhi."