Mkopo wa Damiano

Mwezi wa sita mwaka 1975, meneja wa benki moja mjini Mpanda alimwita karani wake wa mikopo, Telesphor.

"Nenda Sibwesa ukawaangalie wakulima wetu," alimwambia. "Wale wa mashaka waandike, tutenge fedha za kufidia madeni yao kutoka kwenye faida kabla hatujafunga hesabu za mwaka. Hasara ikija, itukute tumejiandaa."

Telesphor akaenda kwa baiskeli. Kwa Damiano, aliyekopeshwa fedha za plau, alikuta nyumba haina paa, uani majani yamefika magotini. Mpita njia akamwambia watu wa pale wamehamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili mbele. Jua lilikuwa linaunguza na mnyororo wa baiskeli ulishakatika. Telesphor akatoa daftari, akaandika: hajulikani alipo, mkopo hautalipwa. Akageuza.

Mwezi wa kumi Damiano akaja benki kuomba fedha za mbegu. Meneja akafungua jalada, akatikisa kichwa.

"Humu imeandikwa hujulikani ulipo, na deni lako tumeshalitengea fedha za hasara. Hatuwezi kukukopesha tena."

"Hasara gani, Ndugu meneja? Mnasema sijulikani nilipo, na mimi si nipo hapa?" Damiano akamgeukia Telesphor. "Ndugu karani, waambie. Mimi nipo."

Telesphor akainamia karatasi zake. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema.

Damiano akaingia porini kutafuta asali, apate fedha ya mbegu. Siku ya nne wenzake wakamrudisha kwenye machela. Tawi alilopanda kufuata mzinga lilikatika, akaanguka, hakuamka tena.

Habari hizo zilifika benki pamoja na mjane wake, Getrude, aliyevaa kaniki nyeusi. Alimwaga noti na sarafu mezani, fedha za asali na za ndama wawili.

"Mume wangu hakupenda deni," alisema. "Hesabuni."

Deni likaisha lote. Meneja akafurahi, akaagiza ile akiba ya hasara irudishwe kwenye faida. Telesphor ndiye aliyeandika.

Tangu siku hiyo alianza kumsikia Damiano. Ilikuwa mchana kweupe, wateja wamejaa: sauti ikatokea upande wa pili wa dirisha la fedha, ya taratibu, bila hasira. Ndugu karani, mimi nipo. Aliinua kichwa, akakuta mtu mwingine kabisa. Akaacha kula ofisini. Kanisani aliisikia katikati ya sala. Mkewe, Marsela, akamwuliza anaongea na nani.

Wiki ya tatu akashindwa kuvumilia. Akaenda hadi kijiji kipya, akamkuta Getrude anapalilia mahindi, akamweleza yote pale pale shambani.

Getrude aliacha kupalilia.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Hanipi nafasi, mama. Kila siku yupo."

"Basi una bahati," alisema Getrude. "Mimi namwita kila siku, haji."

Akainama, akaendelea kupalilia. Telesphor alibaki kwenye tuta, hajui aondoke au asaidie. Mwishowe akavua viatu, akaanza kung'oa magugu kwa mikono katika mstari wa pili. Getrude hakumfukuza, wala hakumtazama.