Jembe la Posa Mahongole

"Wakikuuliza ulifanya nini vitani, sema ulishika bunduki," mshenga Anania alimsihi Elius tangu Makambako mjini. "Kila askari hushika bunduki. Si uongo."

Elius alizidi kutembea.

Sasa walikuwa wameketi kwa Mzee Ebeneza, Mahongole, kumposa binti yake Lidia, na jembe jipya la posa limelazwa mkekani mbele ya wazee. Ukutani ilining'inia picha ya Hilari, kaka yake Lidia, amevaa kombati. Hilari alirudishwa mwaka jana ndani ya jeneza lililopigwa misumari.

"Na wewe kijana, huko vitani ulikuwa na kazi gani?" aliuliza Timoth, baba mdogo wa Lidia.

"Usafi wa kambi. Nilichimba vyoo, nikafukia taka, nikachemsha maji."

Timoth alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe jembe hili lina uzoefu! Ndugu zangu, mtoto wetu Hilari alikufa akirusha risasi, leo dada yake tumwozeshe kwa mchimba vyoo."

Anania akamkanyaga Elius mguu. Angenyamaza, angepata mke. Lakini kiburi hakikanyagwi kikatulia.

"Hilari hakufa kwa risasi," Elius alisema. "Yeye na kikosi chake waliona shimo langu la choo liko mbali, wakawa wanajisaidia kijitoni, juu ya pale walipochota maji. Niliwakataza. Wakaniita jina hilo hilo, mchimba vyoo. Wiki haikuisha wakaanza kuhara, na adui hajawafikia. Hilari alinifia mikononi, namvua suruali nikaifue."

Kicheko kikamkauka Timoth. Jikoni, alikokuwa Lidia, vyombo vikanyamaza.

"Aliomba maji?" aliuliza Mama Esnath, mama yake Hilari.

"Aliomba, mama. Nilimpa yaliyochemshwa."

"Ahsante, mwanangu." Akainuka, akatoka nje.

Mzee Ebeneza alimgeukia Elius. "Sikukatai kwa ajili ya vyoo," alisema, "wala sisemi umedanganya. Wakubwa wa jeshi walipotuzuia kufungua jeneza nilijua kuna jambo. Lakini nikikupa binti, kila ukiingia mlango huu nitamwona mwanangu amejichafua. Chukueni jembe lenu."

Walifika barabara ya Njombe, jembe begani mwa Elius.

"Ungesema risasi tu," Anania alinung'unika.

"Wakubwa walimletea mzee bendera na hotuba," Elius alisema. "Ukweli wakaniachia mimi. Na mke wamenikosesha."