Abee ya Anjelika

Jumanne moja ya Januari, mwaka 2004, Anjelika Ngonyani alikuwa amekaa barazani kwake Msamala, Songea, akichambua maharage kwenye ungo. Kila baada ya punje tatu nne aliinua uso, akaitika "abee," akarudi kwenye maharage yake. Hakuna mtu pale barazani aliyekuwa amemwita. Mama muuza dagaa alingoja aitike mara mbili, akapata upenyo, wakaelewana bei, akaenda zake.

Kosa lilikuwa la mumewe, Aidani, mwalimu wa kompyuta, na yeye mwenyewe hakulikana. Mabasi ya watu binafsi yalipoanza kumiminika Songea, tiketi nazo zilianza kuchapwa kwa saa za kizungu. Tiketi imeandikwa 6:00. Mtu wa Namtumbo anasoma saa sita, anafika stendi saa sita mchana, ameoga vizuri na kuku wake kapuni, basi limeondoka tangu alfajiri. Anjelika alikuwa akikatisha tiketi enzi hizo, na hizo saa sita za tofauti alikuwa akiwapigia abiria hesabu kichwani bila kukosea hata mara moja. Hapo ndipo Aidani alipompendea.

Alipopata kompyuta yake ya kwanza aliandika kipande cha programu cha kufanya hesabu ile ile, akakipa jina la anjelika, akakiweka kwenye mtandao bure. Mwandishi yeyote wa programu akichukue, akitie ndani ya programu yake, akitaka akirekebishe. Na kwa kazi ile ndivyo ilivyo: programu ikitaka hesabu ifanywe, huita jina. Basi zikaita. Anjelika naye alikuwa amelelewa na mama asiyependa mzaha, aliyemfundisha kwamba mtoto wa kike akiitwa anaitika kwanza, maswali baadaye.

Mwanzoni aliitwa mara tano sita kwa siku, na stendi ya Songea na ofisi ya basi ya Tunduru, na ilikuwa raha. Kisha wakaja watu wa Nairobi, wa Kampala, na wa Addis Ababa, ambao kumbe nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Ikafika mahali tonge la ugali linasubiri zamu. Alikonda. Kanisani walimwekea kiti karibu na mlango ili kuitika kwake kusigongane na kwa waumini wengine. Daktari alimwandikia kwenye kadi "kuitika kupita kiasi," akampa glukosi.

"Si usiitike tu?" dada yake Walburga alimwambia. "Heshima si utumwa, mdogo wangu."

Alijaribu Alhamisi moja. Kabla ya saa nne asubuhi zikaja habari kwamba Tunduru mama mjamzito ameachwa na basi, tiketi yake imetoka na saa isiyoeleweka. Anjelika alilia.

"Ameniita, mimi nimekaa kimya," alisema. "Ndivyo nilivyolelewa?"

Akarudi kuitika.

Dawa ilikuwa moja, kubadili jina. Aidani alimaliza toleo la pili kwa siku mbili. Jina jipya lilikuwa badili_saa, na alikwenda mpaka parokiani kuhakikisha kwenye daftari la ubatizo kwamba hakuna mtu anayeitwa hivyo. Akaliweka kwenye disketi, tayari kulipeleka mjini kwenye intaneti. Kilichobaki kilikuwa siku ya kulitoa, na hapo ndipo alipokwama. Akilitoa ghafla, kila atakayelichukua bila kujiandaa, programu yake itaita jina la zamani ambalo halipo tena, isimame, na abiria wasimame nayo. Akaona awaulize watumiaji. Mjerumani mmoja, ambaye hakuwa hata na basi, alijibu kwamba ustaarabu ni kuwapa watu miezi sita. Sita tena. Aidani akatangaza Julai, akaiweka disketi juu ya kabati.

Walburga aliposikia alivua kandambili mlangoni, akaingia.

"Shemeji, hao watu unawajua?"

"Siwajui, shemeji."

"Wamewahi kukuletea hata debe la mahindi?"

"Hapana."

"Basi toa leo."

"Wameshika neno langu."

"Na huyu hapa barazani alishika neno lako mbele ya padri."

Aidani aliogopa kuonekana mtu wa hovyo machoni pa watu ambao hawajawahi kumwona, na aliona aibu kwamba anaogopa, lakini disketi haikushuka.

Julai watu wa Nairobi waliomba wavumiliwe kidogo. Septemba Addis Ababa wana mwaka mpya, watu wanasafiri. Oktoba Tunduru ni msimu wa korosho. Kila ombi lilikuwa la haki, na hiyo ndiyo balaa yake. "Tunashukuru kwa uvumilivu wako," walimwandikia Aidani, na mvumilivu alikuwa barazani. Hilda, binti yao wa miaka sita, alimwuliza mama yake soksi za shule ziko wapi, akajibiwa abee.

Jioni moja ya Novemba Aidani alishusha disketi, akaipangusa vumbi.

"Mama Hilda," alisema, kwa kuwa tangu mtoto azaliwe hakumwita kwa jina lingine, "kesho natoa."

Anjelika alivuta pumzi kati ya abee mbili.

"Wa korosho wamemaliza?"

"Bado wiki mbili."

"Basi tuwangoje, Baba Hilda."

Wakawangoja. Alifariki Ijumaa ya wiki hiyo, kati ya abee mbili. Ya pili ilichelewa kidogo, na waliokuwepo waliingoja itoke ndipo wakamfumba macho.

Walimzika Matogoro, karibu na shamba la kwao. Aidani alitoka makaburini moja kwa moja hadi mjini na suti yake yenye vumbi, akatoa toleo la pili. Kesho yake Mjerumani alimsifu kwa kuwapa watu muda wa kutosha. Wachache walilichukua. Wengine walijibu kwamba la zamani linafanya kazi vizuri, hawaoni sababu ya kuligusa. Na kitu kilichogawiwa wote bure hakina njia ya kurudishwa. Aidani alilijua hilo tangu Januari, hata siku ile Walburga alipovua kandambili, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Kaburi linaitika mpaka leo. Bibi Kunegunda, ambaye mahindi yake yamepakana nalo, anasema karibu na Krismasi kunakuwa na kazi nyingi, Jumapili kunapoa.

Jumapili moja Aidani alikwenda kupalilia. Alingoja upenyo, akaita, "Anjelika."

"Abee," kaburi likaitika, upesi na kwa adabu, na kabla hajasema neno likaitika tena, ya Tunduru hiyo, au ya Nairobi. Aidani akashika jembe, akamalizia upande wa kushoto.