Matundu Tisa

Radhia alikuwa kapiga magoti sebuleni anafuta wavu wa tundu la hewa la sita, maana mkaguzi wa mkopo wa nyumba kaahidi kufika saa nne, na watu wa ofisi wakiona vumbi kidogo, nyumba nzima huiona mbovu. Matundu yalikuwa tisa, yote sakafuni. Chini ya ngazi palikuwa na mashine ya gesi, kubwa kama kabati la nguo. Ikiwashwa huvuta hewa, ikaipasha moto, ikaisukuma kwenye mabomba ya bati yaliyolazwa chini ya sakafu, na joto likachomoza kwenye matundu ya kila chumba. Daktari aliyeijenga nyumba hii alikaa Ulaya miaka mingi, Mungu amrehemu. Mjane wake, Bi Fawziya, ndiye aliyewapangisha, na sasa anahamia Maskati kwa wanawe. Kasema ataiuza kwa Radhia kwanza, lakini mwisho wa mwezi ndio mwisho.

Na Seiq, juu kule milimani Omani, Jabal Akhdar, Januari si mchezo. Asubuhi ile maji ya tangi yaliganda. Mwaka uliopita, katika nyumba yao ya zamani, mama yake Radhia, Bi Kuruthum, aliwekewa jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Wakamtoa hana fahamu. Radhia ni muuguzi, tena jiko lile aliliwasha kwa mkono wake. Alhamdulillahi, mama alizinduka, ila Radhia mpaka leo akinusa mkaa hukimbilia kufungua madirisha. Nyumba hii aliitaka kwa ajili ya mama yake, wala hakuficha.

"Joto gani hili, halina moto?" Bi Kuruthum aliuliza siku ya kwanza, akalisomea tundu Ayatul Kursi. Siku ya tatu keshaijua mashine: huweka chetezo cha udi pale inapovutia hewa, na nyumba nzima inanukia kwa mara moja, mpaka chooni.

Mkaguzi, Muhanna, alipanda kutoka Nizwa na kanzu nyepesi na makubadhi, meno yanagongana. Alianza kwa Kiarabu cha ofisini. Mara akamsikia Bi Kuruthum anamwambia kwa Kiswahili, "Pita ndani, baba, utakufa na baridi."

"Shikamoo, bibi," akasema, uso umefunguka. "Mimi mzaliwa wa Bujumbura."

"Marahaba. Ndio maana umekonda, hamli wali nyinyi."

Akacheka, akavua makubadhi, akatafuta pa kusimama. Miguu ikampeleka yenyewe juu ya tundu la sita. Kanzu ikafura kama puto. Akafumba macho kidogo, kisha akatoa fomu.

"Dada, viyoyozi viko wapi?"

"Havipo. Huku nani anataka baridi?"

"Fomu inataka kimoja kila chumba cha kulala. Hapa vitatu."

"Fomu kaandika nani?"

"Maskati."

"Keshapanda huku?"

Muhanna akaandika. "Na haya matundu hayana mahali pake kwenye fomu. Nitaandika ni kasoro, yazibwe kwa saruji."

Bi Kuruthum akamtazama kuanzia unyayo. "Lipi utaanzia, mwanangu? Hilo ulilosimamia?"

Mkaguzi akatazama chini. Masikio yakamwiva. Lakini hakusogea, masikini, na Radhia akaona vidole vya miguu yake vimeng'ang'ania wavu.

"Dada, mimi si adui," akasema kwa sauti ya chini. "Faili likirudishwa, litakaa miezi. Basi tandikeni mazulia, niandike yamefunikwa. Lakini viyoyozi lazima nivipige picha ukutani. Jumatano nitarudi."

Radhia alimshukuru, na alishukuru kweli. Angeweza kuletewa mkaguzi wa kung'ang'ania saruji. Alimtilia kahawa na halua, na kijana akanywa vikombe vitatu palepale juu ya tundu. Alipoondoka alishika njia ya makona ya kushukia Nizwa huku anajikunyata.

Zuhair, mume wa Radhia, mwalimu wa skuli ya pale, alishuka Nizwa na pesa walizoweka za gesi ya msimu mzima. Hazikuwepo nyingine. Akarudi na viyoyozi vitatu, akavitundika, hakuunganisha waya hata mmoja. Muhanna akapiga picha. Wiki ya pili mkataba ukatiwa saini, na Radhia akasujudu palepale sebuleni juu ya zulia.

Magharibi ile walikunja mazulia. Gesi iliyobaki haikutosha kupasha nyumba yote, wakafunga matundu manane, wakaacha moja tu, la chumba cha mama. Wakaburura magodoro yao huko, wote watatu chumba kimoja, kama kwenye nyumba yao ya zamani, lakini bila mkaa.

Bi Kuruthum aliweka miguu juu ya wavu. Akashukuru Mungu, akamwombea daktari marehemu, akamwombea na yule kijana wa Bujumbura apate soksi. Kisha akainua macho ukutani, kwenye kiyoyozi.

"Na kile ni cha nini?"

"Cha makaratasi ya mkopo, mama," Radhia akasema.

Bi Kuruthum akavua shali lake.

"Haya, kitundikie hili. Na chenyewe kifanye kazi."