Nyasi za Mvua ya Kwanza

Tusimung'unye maneno: Nado alikuwa mnene kupita kiasi. Watalii wa kambi ya Mama Brigita, pale juu Karatu karibu na msitu, walimpiga picha farasi yule mwekundu huku wakicheka. Moloimet, mzee wa Kimasai aliyemtunza, hakuona cha kuchekesha. Kwake mnyama anayeng'aa namna ile alikuwa sifa ya mchungaji, na kila asubuhi alimwongezea ndoo ya pumba za mahindi, kimya kimya, kwa raha zake mwenyewe.

Mwezi wa nane Nado akaanza kutembea kama anayekanyaga makaa. Mama Brigita akamwita daktari wa mifugo, Marsela, binti wa Mbulu asiyejua kuzungusha maneno. Daktari aliinama, akazishika kwato za mbele, akakuta zinawaka joto.

"Baba, huyu anaumwa unene," alisema.

Moloimet akacheka. "Unene ni ugonjwa? Daktari, sisi tunaomba Mungu wetu Engai atupe hiyo ugonjwa."

"Kwa ng'ombe, sawa. Farasi ni tofauti. Chakula kitamu kikimzidi, kwato zinavimba kwa ndani. Zikiendelea hivyo, mfupa wa ndani ya ukwato unashuka, na ukishashuka hakuna dawa. Nitamchoma sindano ya kumaliza mateso yake."

Kicheko kikamkauka Moloimet mdomoni. Alikuwa na sababu. Ukame wa mwaka ule mbaya ulimfagilia ng'ombe sitini na tatu kule Ngorongoro, akashuka Karatu na fimbo yake tu. Nado ndiye mnyama pekee aliyebaki duniani wa kuitikia mluzi wake. Akaapa kwamba huyu hatamwachia kifo.

Basi akafuata masharti. Pumba zikakoma. Nyasi kavu akaziloweka na kuzikamua kwanza, ili utamu utoke. Nado akavishwa kikapu cha kamba mdomoni asichume majani mabichi, na kwato zilipopoa wakaanza kutembea kila asubuhi kwenye njia ya udongo laini, mbele mzee na shuka lake, nyuma farasi akihema. Kila Jumamosi Moloimet alimzungushia kamba kifuani na kupiga fundo pale ilipokutana. Mafundo yakazidi kurudi nyuma kadiri kifua kilivyopungua. Siku moja Nado alikimbia mwenyewe kidogo, mkia juu, na mzee alimfuata akitweta na kumtukana kwa furaha.

Katikati ya Novemba daktari alirudi. Alipitisha vidole ubavuni mwa farasi, akatabasamu. "Mbavu hizi hapa! Vizuri sana, baba. Miezi miwili tena, kwa mwendo huu huu, atakuwa amepona. Kikapu kisitoke lakini. Majani mabichi bado ni sumu kwake."

Moloimet aliitikia, ila tangu hapo usingizi ukamruka. Mbavu alikuwa anazijua. Alikuwa amezihesabu kwa ng'ombe mmoja mmoja, na zilipohesabika, kesho yake alikuwa anachuna ngozi. Ng'ombe wake wa mwisho, jike jeupe, alikufa siku nne baada ya mvua kurudi. Nyasi changa zilikuwa zimechomoza mpaka puani mwake, na hakuwa na nguvu ya kunyanyua kichwa azile. Hicho ndicho kitu ambacho Moloimet hakuwahi kukisamehe, wala hakujua amnunie nani.

Mvua za vuli zikanyesha juma lile. Mteremko wote ukawa kijani. Nado alisimama na kikapu chake mdomoni, akazikwaruza nyasi asizipate, kisha akageuza macho kwa mzee.

Moloimet aliyakumbuka maneno ya daktari, tusimsingizie usahaulifu. Ila tangu utoto alifundishwa kwamba nyasi za mvua ya kwanza ni baraka, zinaponya mifugo, na mtu anayezuia baraka mnyama akiwa na mbavu nje huyo ni mchawi. Daktari amesoma, akajiambia, lakini hajawahi kuzika boma zima la ng'ombe. Akakifungua kikapu.

Nado alikula kutwa. Moloimet alikaa kando yake akiimba nyimbo za kunyweshea ng'ombe, nyimbo ambazo hakuzigusa tangu ukame. Kesho yake akamfungulia tena, na kesho kutwa. Zilikuwa siku tatu za furaha, na afadhali zingekuwa za huzuni.

Siku ya nne Nado hakusimama. Marsela alifika kabla ya saa sita, akazishika kwato, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Mfupa umeshuka," alisema. "Amekula nini?"

"Nimempa nyasi," Moloimet akajibu. "Ni mimi, daktari. Nilidhani ana njaa."

Marsela hakumgombeza. Alifungua mkoba wake na kuanza kuvuta dawa ya mwisho kwenye sindano, na hapo mzee akaiona hasara aliyojitafutia kwa mikono yake. Akataka kuomba radhi. Kwao aliyekosa hung'oa nyasi, akazishika mbele ya aliyemkosea, na anayeombwa hivyo hawezi kupiga. Akainama, akang'oa kwa mkono wa kulia, akapiga magoti mbele ya farasi. Ndipo akaona alichoshika.

Nado alinusa. Akanyoosha mdomo kuelekea kwenye mkono ule, kama kila siku. Moloimet akaurudisha nyuma haraka, akauficha kifuani, akilia waziwazi bila aibu.

"Mpe tu, baba," Marsela alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hazitamdhuru tena."

Mzee akaufungua mkono, na farasi akala zote.